Skolashipu za wanafunzi wa onazi Marekani, nazipa nyota kwa kuangalia aliyekosa anatoka na nini

Nianze na utaratibu wangu wa nyota maana najua kuna watu watakuja juu. Sitoi nyota kwa ukubwa wa hela wala kwa ukubwa wa jina. Naangalia kitu kimoja tu, yule aliyeomba akakosa anaondoka na nini mkononi. Tusidanganyane, kwenye hizi skolashipu wanaokosa ndio wengi, Rhodes, ile ya kwenda kusoma Oxford kule Uingereza, kwa Marekani nzima inachukua watu 32 kwa mwaka, Marshall kwa kawaida hawazidi 50, Truman ni hamsini na kitu mpaka sitini na kitu, halafu we piga hesabu vyuo viko vingapi na kila chuo kina vipanga wangapi wenye GPA, yaani wastani wa alama ambao mwisho wake ni 4.0, ya 3.9 na kuendelea. Kwahiyo ukiniambia skolashipu fulani ni nzuri kwasababu inalipa ada yote na posho juu nitakujibu sawa, nzuri kwa aliyeipata, sasa nyie wengine mliokesha mkiandika insha je?

Mi nimepita huko onazi na sasa nasaidia vijana kupanga maombi yao, hivyo haya mambo nayaona kwa ndani. Kwa asiyejua, onazi kule ni ile programu ya wanafunzi wakali ndani ya chuo, wanapewa madarasa madogo, wanabanwa kuandika tasnifu kabla ya kumaliza digrii ya kwanza, na vyuo vikubwa vya serikali vingine vina koleji nzima kwa ajili yao, kama Barrett pale Arizona State au Schreyer pale Penn State. Anayetajwa sana kwenye mwanzo wake ni Frank Aydelotte, alianzisha onazi pale chuo cha Swarthmore mwaka 1922, wanafunzi wanasoma kwa vikundi vidogo na mwisho wanatahiniwa na watu kutoka nje ya chuo, na mtindo huo Swarthmore wanao mpaka leo. Huyo Aydelotte mwenyewe alisoma Oxford kwa skolashipu ya Rhodes. Yaani onazi na hizi skolashipu kubwa zimekua pamoja tangu mwanzo, usishangae ukiingia ofisi ya onazi ukakuta kitu cha kwanza ukutani ni picha za waliopata Rhodes.

Haya tuanze na huyo Rhodes mwenyewe. Nyota tatu.

Ilitokana na wosia wa Cecil Rhodes aliyefariki 1902, na jina hilo lina historia yake chafu ya ukoloni kusini mwa Afrika ambayo kila mwombaji mwafrika lazima ajue atajibu nini akiulizwa kwenye usaili. Wanawake walianza kuruhusiwa 1977 tu. Kwa upande wa Marekani wanataka GPA isiyopungua 3.7, chuo chako kikupitishe kwanza, halafu uwe na barua za rekomendesheni zisizopungua tano, tano bana, mwanafunzi wa mwaka wa nne anawatoa wapi watu watano, wengi wao maprofesa, wanaomjua kwa undani na sio kwa namba ya usajili? Hapo ndipo wanaosoma kwenye madarasa ya watu mia tatu wanaumia na wa onazi wanapata nafuu, kwasababu ya yale madarasa madogo.

Usaili unaenda kwa kanda, kuna kanda 16 na kila kanda inatoa washindi wawili. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa mnakutana na majaji kwenye tafrija jioni, kesho yake mnahojiwa, halafu mnakaa wote chumba kimoja mnasubiri mpaka majaji watoke na kusoma majina mawili mbele ya watu wote. Mnapeana mikono, mnatabasamu, mnaondoka. Ukatili mtupu.

Sasa kwanini nyota tatu na sio moja? Kwasababu ya sheria yao moja inayokera watu lakini mi naipenda sana, ile insha binafsi unasaini kwamba umeandika mwenyewe na hamna mtu aliyekusaidia kuhariri. Sio profesa, sio mshauri, sio dada yako anayejua Kiingereza. Nimeona vijana ambao tangu sekondari kila wanachoandika kinapitia mikono ya watu watatu, wakifika hapo wanakaa siku nzima na ukurasa mweupe. Lakini ile insha ikishaisha, hata ukipigwa chini, inakuwa maandishi ya kwanza ya kwako kabisa na huwa inaonekana, ina makosa makosa lakini ina mtu ndani. Tatizo ni kwamba zaidi ya hiyo insha Rhodes haikupi kingine, barua za maprofesa huzioni na sababu za kukosa huambiwi.

Kwa wasio raia wa Marekani, Rhodes ina mgao kwa nchi na kanda mbalimbali na Afrika Mashariki imo, halafu tangu 2018 kuna zile za dunia nzima ambazo ni mbili tu kwa mwaka. Mbili. Sitasema zaidi.

Marshall naipitia haraka maana faili lake linafanana na la Rhodes kwa mbali kidogo. Ilianzishwa na bunge la Uingereza 1953 kama shukrani kwa ule mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya baada ya vita ya pili ya dunia, unasoma chuo chochote Uingereza sio Oxford peke yake, GPA 3.7, raia wa Marekani tu. Kizuri chake ni kwamba wanakubana ueleze kwanini chuo kile na kwanini kozi ile, kwahiyo hata ukikosa umeshafanya upekuzi wa vyuo ambao wengi huwa hawaufanyi kabisa, wanaona jina wanaomba. Nyota tatu na nusu.

Truman sasa. Hii nyota tano na sibabaiki.

Bunge la Marekani liliianzisha 1975 kwa kumkumbuka rais Harry Truman, badala ya sanamu wakaamua iwe skolashipu ya watu wanaotaka utumishi wa umma. Unaomba ukiwa mwaka wa tatu, hela inafika hadi dola 30,000 za kusomea digrii ya juu, na wewe unaahidi kufanya kazi za utumishi wa umma miaka mitatu ndani ya saba baada ya kumaliza hiyo digrii ya juu. Chuo kinateua wanne tu kwa kawaida. Hela sio kubwa kihivyo ukilinganisha na ada za shule za sheria huko. Lakini fomu yake wadau, ile fomu ndio skolashipu yenyewe.

Wanakuuliza maswali mafupi mafupi, eleza mfano mmoja maalumu wa uongozi wako, eleza tatizo unalotaka kushughulika nalo, halafu unaandika pendekezo la sera ukimwelekezea kiongozi wa serikali mwenye uwezo wa kulifanyia kazi. Pendekezo ni fupi, kama maneno mia tano. Inaonekana rahisi mpaka ukae uandike. Kuna binti nilimsaidia, alikuwa na hoja ya visima binafsi vijijini, kwamba sheria ya shirikisho ya maji salama haigusi kisima cha mtu binafsi, hivyo familia inaweza kunywa maji yenye kemikali ya naitreti miaka na miaka na hakuna anayewajibika kupima. Rasimu ya kwanza alimwandikia gavana. Kamati ya chuo ikamuuliza swali moja tu, huyu gavana atafanya nini Jumatatu asubuhi akishasoma karatasi yako? Akanyamaza. Akarudi nyuma akasoma sheria za jimbo, akagundua afisa afya wa kaunti ndiye anayetoa kibali cha kuchimba kisima kipya, basi akabadilisha, akamwandikia huyo afisa kwamba kipimo cha maji kiwe sharti la kibali na pia sharti la kuuza nyumba. Karatasi ikawa na meno. Alifika usaili wa kanda akakosa. Na ile karatasi ikawa sura ya kwanza ya tasnifu yake ya onazi, hakuanza upya hata kidogo, wenzake mwezi wa tisa wanahangaika kutafuta mada yeye anatafuta takwimu tu.

Ndio maana nasema nyota tano. Hata usiyetimiza masharti, kama huna uraia kwa mfano, chukua tu yale maswali ya Truman ujijibu mwenyewe pembeni, hayana kiingilio.

Goldwater ni ndugu yake kwa upande wa sayansi, hisabati na uhandisi. Bunge hilo hilo, mwaka 1986, kwa jina la seneta Barry Goldwater. Ni dola 7,500 kwa mwaka, unaomba ukiwa mwaka wa pili au wa tatu, na hapa wenye ukazi wa kudumu nao wanaruhusiwa sio raia peke yao. Chuo kinateua wanne, na kinaweza kuongeza mmoja kama huyo mtu alihamia kutoka chuo kingine. Kiini cha maombi ni insha ya utafiti isiyozidi kurasa tatu, na sio insha ya ndoto zangu nikiwa mtoto nilipenda nyota, hapana, unaeleza jaribio, data, ulichopata wewe na alichofanya profesa wako, wanataka waone mpaka uko wapi. Aliyekosa anabaki na kurasa tatu anazoweza kuzitumia kuombea PhD karibu kama zilivyo. Nyota nne na nusu, ile nusu naikata kwasababu mwanafunzi ambaye mwaka wa kwanza hakupata maabara ya kuingia ameshachelewa, na anayeingia maabara mapema mara nyingi ni yule ambaye hana haja ya kufanya kazi jioni ili alipe kodi ya chumba.

Fulbright ya wamarekani wanaoenda nje, iliyotokana na sheria ya seneta William Fulbright ya 1946, naipa nyota nne. Maelezo ya mradi kurasa mbili, insha binafsi ukurasa mmoja, kamati ya chuo inakuhoji na kukuandikia tathmini. Kinachonikera ni danadana, unapita mchujo wa kwanza unafurahi, halafu miezi inaenda, halafu unaambiwa wewe ni wa akiba. Wa akiba anasubiri mtu mwingine akatae. Kuna watu wamekataa kazi wakisubiri hiyo akiba. Ila ule mradi wa kurasa mbili unakufundisha kuandika kwa ufupi kuliko darasa lolote. Na tusichanganye mambo, Fulbright ya kumleta mgeni Marekani ni programu nyingine, unaombea nchini kwako na sio kwenye ofisi ya onazi.

Zile zilizo wazi kwa mataifa yote ndizo naulizwa zaidi. Gates Cambridge ilianza mwaka 2000 kwa dola milioni 210 za wakfu wa Bill na Melinda Gates, inachukua karibu watu 80 kwa mwaka kutoka nchi yoyote isipokuwa Uingereza yenyewe, na uzuri wake hauhitaji chuo chako kikuteue, unaomba nafasi ya kusoma Cambridge na skolashipu humo humo. Ubaya unaujua ukikosa, maana unaweza ukapewa nafasi ya kusoma bila hela, ambayo ni sawa na kupewa funguo za gari lisilo na tairi. Nyota tatu na nusu. Knight-Hennessy ya Stanford, iliyoanza kupokea watu 2018 kwa mchango mkubwa wa Phil Knight wa Nike, inakutaka uombe mara mbili, idara yenyewe na skolashipu, mzigo sio kitoto, lakini nyingi ya zile PhD za sayansi zina ufadhili wake, kwahiyo aliyekosa skolashipu akapata idara hajatoka kapa. Nne. Schwarzman ya pale chuo cha Tsinghua, Beijing, mwaka mmoja, inataka mpaka video ya kujieleza, na video hiyo sijaona ikimsaidia mtu kwa kitu kingine chochote maishani. Mbili na nusu, na hiyo nusu ni kwa heshima ya ukarimu wao maana wanalipa mpaka nauli.

Sasa nifike kwenye zile ambazo hakuna anayezipigia debe. Vile vifungu vidogo vya ndani vya koleji ya onazi, hela ya tasnifu, hela ya kwenda kongamano, hela ya utafiti wa majira ya joto. Nyota tano, na ingekuwepo ya sita ningeitoa. Fomu yake ni ukurasa mmoja au miwili na bajeti, ushindani ni mdogo kwasababu wenzako wote macho yako Oxford, na kuna mihula ambapo hela inabaki kwasababu maombi hayakutosha. Na bajeti yenyewe ni somo. Kijana mmoja aliweka mstari wa mwisho "mengineyo, dola 200", fomu ikarudi imezungushiwa kalamu nyekundu imeandikwa mengineyo yapi? Akakaa chini akaandika, kuchapisha bango la kongamano, betri za kinasa sauti, nauli ya basi kwenda kwa wale anaowahoji, na ikafika zaidi ya dola 200, na akapewa zaidi. Huwezi kumwambia huyo mtu baadaye kwamba hajui kuandika bajeti ya mradi.

Kuna mtego lakini, na huu unagusa skolashipu zote za nje ukiwa bado unasoma. Ukipata hela ya nje, chuo kina haki ya kuangalia jumla ya misaada yako, na kama inazidi gharama za masomo wanapunguza ya kwao. Vyuo vingine hupunguza hata pale ambapo bado una pengo, yaani umepambana ukapata dola elfu tano, barua inakuja kwamba ruzuku ya chuo imeshuka elfu tano, jumla yako iko pale pale na chuo ndicho kimekula shavu. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kuzuia huu mchezo kwenye vyuo vya serikali, 2017, na mengine kama New Jersey na California yakafuata kwa namna zao. Kabla hujashangilia andika barua pepe ofisi ya misaada uulize wanapunguza nini kwanza, mkopo na kazi ya chuoni au ruzuku, na majibu uyapate kwa maandishi. Ukiweza waombe wapunguze mkopo kwanza, vyuo vingi vina utaratibu huo ila mpaka uulize.

Na kodi. Skolashipu inayolipa ada na vitabu vya lazima haikatwi kodi kule, ila ile sehemu inayolipa chumba na chakula inahesabiwa kama kipato. Ukiwa na viza ya mwanafunzi hiyo sehemu kwa kawaida inakatwa asilimia 14 kabla haijakufikia, labda nchi yako iwe na mkataba wa kodi nao. Watu wanaona hela imepungua wanadhani wameibiwa na chuo.

Mwisho kabisa nyota moja, na naitoa kwasababu haiwezekani kutoa sifuri. Hizi ni zile jumuiya za heshima za kulipia. Unapokea barua pepe ina muhuri wa dhahabu, umeteuliwa kwa ufaulu wako wa kipekee, lipa karibu dola mia ujiunge, utapata cheti, pini, na fursa ya skolashipu za wanachama. Sisemi zote, Phi Beta Kappa ipo tangu 1776, matawi yake yanaendeshwa na maprofesa ndani ya vyuo vichache vilivyochujwa na wao ndio wanaokuchagua wewe, Phi Kappa Phi nayo ipo tangu 1897, hizo hata zikiwa na ada ya kujiunga kuna watu wamekaa wakasoma matokeo yako. Nasema zile ambazo barua yao inafika kwa darasa zima. Kwa kigezo changu ndio zinafeli kabisa, maana hakuna anayekosa, ukilipa umo, hivyo hakuna ulichoandika, hakuna aliyekuhoji, hakuna aliyekuzungushia kalamu nyekundu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kipimo changu ni rahisi, nenda ofisi ya onazi uulize ni profesa gani hapa chuoni anasimamia tawi lao, wakikosa kumtaja hata mmoja baki na dola zako.

Kuhusu wale washauri wa skolashipu wa chuo, huduma yao ni bure na ukweli ni kwamba inatofautiana sana, kuna anayesoma rasimu yako usiku na kuna anayekutumia kiungo tu basi. Ila wote nendeni mapema, kwasababu dedilaini mnayoiona kwenye tovuti ya skolashipu sio ya kwenu. Truman inafunga mwanzoni mwa Februari lakini chuo kinachagua wale wanne wake muhula wa kabla, wengine Novemba, Goldwater ni mwisho wa Januari ila ya chuo inaweza kuwa kabla ya likizo ya Desemba, na za Uingereza mambo yanaanza mwisho wa mwaka wa tatu kabla hata hamjafunga. Kama uko mwaka wa pili na unasoma sayansi, Goldwater unaweza kujaribu sasa na ukikosa ukarudia mwaka wa tatu, ila Truman ni mwaka wa tatu tu, ukipita umepita.